Presha ya mashindano ya gofu: pumzi, utaratibu, macho au kedi, kipi kikufae?

Mchezaji anayepiga vizuri siku za mazoezi kisha akaharibu siku ya mashindano hakosi washauri. Mmoja humwambia avute pumzi ndefu. Mwingine humwambia asiwaze chochote. Wa tatu humtaka awe na utaratibu uleule kwa kila mkwaju, na wa nne, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa zaidi, humwambia ajiamini tu. Kila ushauri hapo una mtu uliyemfaa. Lakini presha haimkamati kila mtu mahali pamoja, na njia inayomwokoa mmoja inaweza kumvuruga mwenzake kabisa.

Kwa hiyo ulinganisho huu hautafuti mshindi mmoja. Ninachotaka ujiulize kwanza ni presha inakukamata wapi. Kuna inaowakamata mikononi, kuna inaowakamata kwenye uamuzi, na kuna inaowakamata njiani, wanapotembea kutoka mkwaju mmoja kwenda mwingine. Mashindano makubwa yametupa mfano wa wazi wa kila mmoja.

Jean van de Velde wa Ufaransa alifika shimo la 18, la mwisho, la Open (shindano kubwa la Uingereza) ya mwaka 1999, huko Carnoustie, Uskoti, akiongoza kwa mikwaju mitatu. Shimo lile ni la mikwaju minne, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa minne. Hata angelimaliza kwa sita, kombe lingekuwa lake. Akachukua draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira ukaenda mbali kulia. Mkwaju wa pili ukagonga jukwaa la watazamaji na mpira ukarudi kwenye nyasi ndefu. Wa tatu ukatumbukia kwenye kijito cha Barry Burn, na dunia ikamwona amevua viatu na soksi, amekunja suruali, amesimama majini akipima kama angeweza kuupiga mpira palepale. Alimaliza kwa saba, kisha akapoteza mchujo wa ziada wa kuwatenganisha waliofungana, na Paul Lawrie akawa mshindi. Watu hulitaja shimo lile kama kisa cha mtu aliyetetemeka. Mimi sioni hivyo. Puti ya mwisho (mkwaju wa kuusukuma mpira hadi shimoni), ile ya kumwingiza kwenye mchujo, haikuwa fupi wala rahisi, naye aliitia. Mikono ilikuwa hai. Kilichokwama ni uamuzi, kuanzia ile draiva hadi mkwaju wa pili alioulenga mbele wakati angeweza kurudisha mpira kwenye njia salama.

I.K. Kim wa Korea Kusini, kwenye Kraft Nabisco ya mwaka 2012, hakuwa na la kuamua. Alikuwa na puti ya futi moja hivi kwenye shimo la mwisho ili ashinde shindano kubwa. Mpira ukazunguka ukingo wa shimo ukatoka nje. Naye akashindwa kwenye mchujo. Hapo tatizo ni la zile sekunde chache mtu anapousimamia mpira.

Mfano wa tatu ni Rory McIlroy, kwenye Masters, shindano kubwa la Augusta, Marekani, ya mwaka 2011. Alianza siku ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju minne. Shimo la 10 akapoteza mikwaju mitatu kwa mpigo, la 11 akapoteza mmoja, na la 12 akahitaji puti nne. Akamaliza siku kwa 80. Mkwaju ulioanzisha maporomoko hayo ulikuwa mmoja tu, ule wa kuanzia shimo la 10. Mengine yalikuja yakiufuata, kama mtu aliyeubeba mgongoni akaenda nao shimo hadi shimo.

Jiweke karibu na mmoja wa hawa watatu kabla hujachagua dawa.

Muda unaotibu ni upi?

Kanuni za Gofu tangu 2019 zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu nafasi yake ya kupiga inapokuwa wazi. Mtu anayemaliza raundi, yaani mashimo yote 18, kwa mikwaju 72 akizitumia sekunde zote 40 kila mara, jumla yake ni dakika 48. Raundi ya mashindano huzidi saa nne. Yaani zaidi ya saa tatu mchezaji hapigi kabisa: anatembea, anasubiri, anawaangalia wenzake, na anaongea na nafsi yake.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu takriban mafunzo yote ya utulivu hulenga zile dakika 48. Mtu hujifunza kusimama, kupumua na kutazama, kisha akaachwa peke yake kwenye saa tatu ambazo ndizo hasa zinazopika woga. Ukiwa wa aina ya tatu, yule wa njiani, unaweza kuwa na utaratibu mzuri kuliko wote uwanjani na bado ukaanguka, maana unaufikia mpira ukiwa umeshachoka kwa mawazo.

Pumzi ikilinganishwa na utaratibu kamili

Hizi mbili huchanganywa sana. Pumzi ni kifaa kimoja, na utaratibu ni mfuatano ambao pumzi inaweza kuwa sehemu yake.

Pumzi ina faida kubwa ya kuanza kufanya kazi mara moja, bila kocha wala gharama. Unapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hushuka kidogo. Ndiyo sababu kutoa kunapaswa kuchukua muda mrefu kuliko kuvuta, kwa mfano kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita. Inamfaa zaidi mtu ambaye presha yake iko mwilini: mabega yanapanda hadi karibu na masikio, kinywa kinakauka, na vidole vinaukaba mpini wa fimbo. Huyo akishusha pumzi moja ya kweli, ataona vidole vinalegea vyenyewe. Jaribu sasa hivi: kunja ngumi kwa nguvu, kisha toa pumzi taratibu mpaka mwisho, na uangalie ngumi inavyopata shida kubaki imekazwa vilevile.

Udhaifu wake ni kwamba haikwambii la kufanya baadaye. Mtu aliyetulia anaweza kabisa kuchagua fimbo mbaya kwa utulivu mkubwa. Na ukiifanya ukiwa umeshausimamia mpira, inageuka kuwa kitu kingine cha kufuatilia, wakati hapo ulitakiwa kuwa na jambo moja tu kichwani. Mahali pake ni nyuma ya mpira, kabla hujauendea.

Utaratibu kamili unadai zaidi. Unataka miezi ya kuurudia mazoezini hadi ujiendeshe wenyewe. Makocha Pia Nilsson na Lynn Marriott, waliofanya kazi na bingwa Annika Sörenstam wa Sweden, waliugawa kwa namna ambayo bado naiona bora kuliko nyingine zote: kuna eneo la kufikiri nyuma ya mpira na eneo la kucheza kwenye mpira, na kati yake ni mstari wa kufikirika. Nyuma ya mstari unapima upepo, unachagua fimbo, unachagua shabaha, unaamua. Ukishauvuka, maswali yamekwisha. Likizuka swali ukiwa umeshavuka, unarudi nyuma na kuanza upya. Hutakiwi kulijibu ukiwa umeinama.

Makocha haohao walifanya kazi na Ariya Jutanugarn wa Thailand. Mwaka 2016, kwenye shindano la ANA Inspiration, alikuwa mbele kwa mikwaju miwili huku yakibaki mashimo matatu, akapoteza mkwaju mmoja kwenye kila shimo na ushindi ukaenda kwa Lydia Ko. Dawa aliyopewa ilikuwa tabasamu. Kabla ya kuuendea mpira, anatabasamu, kisha anapiga. Ukimtazama kwenye picha za video utaliona waziwazi, la sekunde moja, hata pale mambo yanapokuwa magumu. Mwezi Mei mwaka huohuo alishinda mashindano matatu mfululizo, na kabla mwaka haujaisha akachukua pia Open ya wanawake ya Uingereza. Si kwamba tabasamu lina uchawi. Lilimpa kitu kimoja cha kufanya, kilekile kila mara, ambacho hakitegemei mkwaju uliopita ulikwendaje.

Ukiniuliza kati ya hizi mbili, nitasema hivi: ukiwa na shindano wiki ijayo, chukua pumzi na uachane na utaratibu, kwa sababu utaratibu mchanga huvunjika mara tu presha inapougusa. Ukiwa na msimu mzima mbele yako, jenga utaratibu, na uwe mfupi. Nimeona watu wakijitengenezea wenye hatua tisa au kumi, wa kugusa kofia, kupiga magoti, kuzungusha fimbo mara kadhaa na kutazama shabaha tena na tena. Utaratibu mrefu humpa woga nafasi nyingi za kuingia. Hatua nne zinatosha: chagua shabaha ndogo, toa pumzi, simama, tazama na upige. Kisha mwombe mwenzako akupime kwa saa mazoezini na kwenye mashindano. Wengi huharakisha wakiwa na presha, wachache huganda. Namba hizo mbili zitakueleza mengi kuliko hisia zako.

Macho kwenye shabaha au akili kwenye mikono?

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo ushauri unapowadhuru watu wengi zaidi.

Mchezaji anapoogopa, jambo la kwanza analofanya ni kujaribu kuudhibiti mwili wake kipande kwa kipande. Anauangalia mkono wa kushoto, anaikumbuka nyonga, anahesabu mwendo wa fimbo kurudi nyuma. Anadhani anaongeza uangalifu. Kumbe anaingilia kazi ambayo mwili umeshaijua. Mwaka 1992 mtafiti Rich Masters aliwafundisha watu kuputi kwa njia mbili: kundi moja kwa maelekezo mengi ya jinsi ya kufanya, jingine kwa namna iliyowazuia kukusanya kanuni kichwani. Presha ilipoingizwa, waliojifunza bila rundo la kanuni ndio waliohimili vizuri zaidi. Sian Beilock na wenzake nao walionyesha jambo linaloshangaza wengi: wachezaji wenye uzoefu walipotakiwa kuputi upesi, walifanya vizuri kuliko walipotakiwa kuchukua muda na kuwa waangalifu. Kwa wanaoanza ilikuwa kinyume.

Matokeo hayo ya mwisho usiyapite haraka. Yanasema kwamba jibu linategemea kiwango chako. Kama bado unajifunza gofu na handikapu yako (namba ya kiwango, inayoshuka kadiri unavyocheza vizuri) iko juu, kuifikiria mikono kidogo hakukuharibii. Mwili wako bado haujawa na la kuingiliwa. Chagua neno moja la kiufundi tu, usibebe matano. Lakini kama umecheza kwa miaka na mzunguko wa fimbo yako unajulikana hata kwa mbali, kuufuatilia ndani ya mashindano ni kujitengenezea shida. Wewe unahitaji kupeleka akili nje ya mwili: kwenye shabaha, kwenye njia ya mpira, hata kwenye kichwa cha fimbo. Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999 na uliotumia mikwaju mifupi ya gofu, ulikuta kwamba waliofikiria mwendo wa fimbo walifanya vizuri kuliko waliofikiria mwendo wa mikono yao. Tofauti kati ya mikono na fimbo iliyoshikwa na mikono hiyohiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoleta matokeo tofauti.

Kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, kuelekeza akili nje kuna umbo lake maalumu. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary aliwapima wachezaji kwa vifaa vinavyofuatilia macho. Wanaoputi vizuri hutuliza macho kwenye nukta moja ya mpira kwa sekunde mbili hadi tatu hivi kabla na wakati wa kupiga, na macho hubaki palepale kwa muda mfupi hata mpira ukishaondoka. Wanaoputi vibaya macho yao hurukaruka: mpira, shimo, puta (fimbo ya kuputi), mpira, shimo. Woga huyafanya macho yaruke zaidi.

Hii ndiyo njia ambayo ningempa mtu wa aina ya I.K. Kim, yule ambaye uamuzi wake ni safi lakini puti fupi zinamtoroka. Chora nukta ndogo kwa kalamu nyuma ya mpira, mahali puta itakapogusa. Itazame. Piga. Endelea kuitazama nyasi iliyokuwa chini ya mpira mpaka usikie sauti ya mpira kuingia shimoni, au ukimya. Ukifanya hivyo utaona ni vigumu kiasi gani kutoinua kichwa, na hapo utajua ni mara ngapi umekuwa ukikiinua bila habari. Kim mwenyewe, miaka mitano baada ya puti ile, alishinda Open ya wanawake ya Uingereza.

Nitaje kwa kifupi hali moja inayofanana na hii lakini si yenyewe. Kuna mtikisiko wa ghafla wa mkono wakati wa kuputi, unaorudi kila mara hata mchezaji akiwa hana wasiwasi mwingine. Bernhard Langer wa Ujerumani aliupata zaidi ya mara moja. Hakuushinda kwa pumzi wala kwa kujipa moyo. Alibadilisha kabisa jinsi ya kushika puta, hata akawa anaubana mpini kwenye mkono wake wa kushoto kwa kutumia mkono wa kulia. Alishinda Masters mwaka 1985 na tena 1993. Kama mkono wako unaruka hata ukiwa peke yako kwenye grini ya mazoezi, usipoteze muda na mbinu za kichwa. Badilisha mshiko.

Kutulia au kuchangamka?

Mbinu nyingi zinakutaka ushuke, mapigo ya moyo yapungue. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti mwaka 2014 ulioelekea upande mwingine: watu waliojiambia kwamba wamechangamka, kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu, walifanya vizuri kuliko waliojitahidi kutulia. Sababu yake inaeleweka. Mwili wenye woga na mwili wenye hamu vinafanana sana. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ni rahisi kuliko kuuzima moto wote.

Kwa gofu ningeipokea njia hii kwa nusu. Kwenye mkwaju wa kuanzia na mikwaju mirefu inafaa, hasa kwa mtu ambaye kila akijilazimisha kutulia anazidi kuvurugika. Kwenye puti ya futi nne haisaidii sana. Na ukiichagua, kumbuka kwamba mwili uliochangamka hupiga mpira mbali kuliko kawaida, kwa hiyo kwenye mashimo ya mwisho fikiria fimbo fupi kwa hatua moja.

Uamuzi: mpango wa jana usiku au akili ya palepale?

Hapa sina shaka yoyote. Kwa mtu wa aina ya Van de Velde, mpango ulioandikwa kabla ya raundi unashinda kila kitu. Presha hupunguza idadi ya mambo unayoweza kuyapima kwa pamoja. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anajikuta na draiva mkononi wakati fimbo fupi ingemtosha. Andika kwa kila shimo fimbo ya kuanzia, upande wa kukosea ulio salama, na fimbo utakayoitumia ukiwa unaongoza. Uandike ukiwa umekaa, umekula, huna hasira.

Wanaopinga husema mpango unamfunga mchezaji asisome hali. Hoja hiyo ina uzito upepo unapogeuka au mpira unapokwenda mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria. Jordan Spieth, Open ya 2017 huko Royal Birkdale, aliupeleka mpira mbali kulia kwenye shimo la 13, juu ya vilima, mahali ambapo asingeweza kuupiga. Hakukuwa na mpango wa hapo. Lakini hakukurupuka. Alichukua adhabu ya mkwaju mmoja, akatafuta kwa msaada wa marefa mahali palipoonekana pa ajabu lakini panaporuhusiwa na kanuni, kwenye uwanja wa mazoezi, na yote hayo yalichukua zaidi ya dakika 20. Kedi wake (msaidizi anayembebea fimbo), Michael Greller, alikuwa akikimbia kupima umbali. Spieth alipoteza mkwaju mmoja tu kwenye shimo lile, kisha kwenye manne yaliyofuata akacheza mikwaju mitano chini ya kiwango na kushinda kwa mitatu. Mwaka uliotangulia, kwenye shimo la 12 la Augusta, mchezaji huyohuyo alitumbukiza mipira miwili majini mmoja baada ya mwingine, akaandika saba kwenye shimo la mikwaju mitatu. Tofauti ninayoiona mimi kati ya siku hizo mbili ni muda aliojipa kabla ya mkwaju uliofuata kosa.

Njiani: kedi, ukimya au maneno ya kujisemesha

Kama una kedi, una kifaa ambacho wengine hawana. Kanuni zinakuruhusu kumwomba ushauri yeye au mwenzako mnayecheza upande mmoja, na hazikuruhusu kuuomba kwa mpinzani. Ila usimgeuze kedi kuwa mtu wa kukusifia. Kazi yake kubwa wakati wa presha ni kukurudisha kwenye ukubwa halisi wa jambo. Kwenye Masters ya 2025 McIlroy alikosa puti fupi kwenye shimo la 18 ambayo ingempa ushindi, akalazimika kuingia mchujo na Justin Rose. Walipokuwa wakirudi kuanza tena, kedi wake Harry Diamond alimkumbusha kwamba kama Jumatatu asubuhi wangeambiwa watafika hapo, wangekubali bila kusita. Maneno hayo hayakuhusu puti iliyokosekana wala mzunguko wa fimbo. McIlroy akapiga mkwaju wa pili hadi karibu kabisa na shimo, akashinda, naye akawa mwanaume wa sita kukamilisha ushindi wa mashindano yote manne makubwa.

Bila kedi, chaguo ni kati ya kuongea na wengine na kukaa kimya. Mchezaji Lee Trevino wa Marekani alijulikana kwa kuongea na kuchekesha watu raundi nzima. Wengine hawafungui mdomo. Usimwige mtu. Kama ukimya wako hujaa kurudia makosa, tafuta mazungumzo yasiyohusu gofu, au weka jambo la kutazama: vilele vya miti, mwelekeo wa mawingu. Kama mazungumzo yanakuvuta kwenye alama za wengine, tembea mbele kidogo. Na jiwekee mpaka wa kosa. Hasira iruhusiwe hadi uirudishe fimbo kwenye begi. Fimbo ikishaingia, kosa nalo limefungiwa humo.

Ambavyo haviruhusiwi

Usijenge utulivu wako juu ya vitu ambavyo utanyang'anywa. Muziki wa masikioni wa kukuondolea kelele au kukupa mdundo wa kupiga hauruhusiwi wakati wa raundi. Saa inayosoma mapigo ya moyo inaweza kurekodi ili uangalie baadaye, lakini kuitumia taarifa hiyo katikati ya raundi ni kosa. Na dawa za kundi la vizuizi vya beta, zinazopunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano ya gofu kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Mwenye kuzitumia kwa ugonjwa aombe kibali mapema kupitia daktari wake.

Nani aanze na nini

| Presha yako inavyoonekana | Anza na | Iache kwanza |
|---|---|---|
| Mabega yamekaza, mpini umekabwa | Pumzi ndefu nyuma ya mpira | Maelekezo ya kiufundi |
| Puti fupi zinakosekana | Nukta moja ya macho | Kuchukua muda zaidi |
| Fimbo mbaya, ujasiri usio na sababu | Mpango ulioandikwa | Kujipa moyo |
| Kosa moja linazaa mengine | Mpaka wa hasira, mazungumzo | Kurefusha utaratibu |
| Kila ukijaribu kutulia unazidi | Kuupokea msisimko | Kujilazimisha kutulia |

Chochote utakachochagua, kipeleke mazoezini kikiwa na presha yake. Earl Woods alimzoesha mwanawe Tiger kwa kupiga kelele, kuchezesha sarafu na kuangusha begi katikati ya mkwaju. Huhitaji kufika huko. Weka mipira kumi kuzunguka shimo kwa umbali wa futi nne, na ukubaliane na mwenzako kwamba huondoki mpaka utie yote kumi mfululizo. Puti saba za kwanza zitakuwa rahisi. Ya tisa na ya kumi zitakuletea moyo uleule wa siku ya mashindano, na hapo ndipo njia yako inapopimwa.

Kisha kwenye raundi za mashindano weka alama ndogo pembeni ya kadi kila mkwaju unapokuharibikia: M kwa mikono, U kwa uamuzi, N kwa njiani, yaani ulikuwa bado unawaza kitu cha nyuma. Zisome usiku, hasira ikishapoa. Zikijaa U huku wewe unajifunza kupumua, badilisha njia.